Kipushi: Tofali la kwanza la mtoto halinunuliwi dukani

Alasiri, katika malupango mengi ya Kipushi, kazi ya ujenzi haisimami. Mafundi wake hawajafikisha miaka sita. Mmoja anashindilia udongo ndani ya kibiriti kitupu, anaupindua taratibu na kuacha tofali dogo likauke juani. Mwingine anapanga mikebe ya nyanya, mmoja juu ya mwingine, mpaka mnara unaanguka kwa kishindo na wote wanacheka. Kaka yao anakunja waya ili atengeneze motokari yenye usukani mrefu. Mama anayepita na ndoo ya maji huwa na neno moja tu: “Mutoke mu bulongo, muko nachafua manguo!”

Kwa wazazi wengi, huo ni mchezo wa kupitisha muda mpaka umri wa shule ufike. Wanaochunguza ukuaji wa watoto wanauona kwa jicho lingine. Kupanga, kusawazisha, kubomoa na kujenga upya ni njia mojawapo ambayo mtoto mdogo anajifunzia ukubwa wa vitu, hesabu, lugha na subira. Faida hiyo haitegemei matofali ya plastiki yanayouzwa katika maduka makubwa ya Lubumbashi. Inategemea mambo matatu: vitu salama vya kujengea, muda wa kucheza, na mtu mzima anayeongea na mtoto.

Katika Kipushi, ugumu uko kwenye hilo la kwanza. Mji wa mgodi una udongo wa kuchezea, na una udongo wa kuepuka.

Lupango kama darasa la kwanza

Kipushi iko umbali wa kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani na Zambia. Mgodi wake ulianza mwaka 1924, wakati wa Union Minière du Haut-Katanga. Ulisimama mwaka 1993 ukiwa mikononi mwa Gécamines, na ulirudi kuzalisha zinki mwaka 2024. Katika miaka hiyo thelathini ya katikati, familia zilizokuwa zikiishi kwa mshahara wa mgodi zililazimika kutafuta riziki kwingine: biashara ndogo, shamba, kuvuka mpaka, au kuchimba kwa mikono.

Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ni ya bure katika shule za serikali nchini Kongo. Mpango huo haukugusa shule ya maternelle, inayopokea watoto wa miaka 3 hadi 5. Mzazi asiye na minervali humwacha mtoto nyumbani mpaka afikishe umri wa kuingia mwaka wa kwanza wa msingi. Miaka hiyo mitatu haipiti bure. Mtoto anaendelea kujifunza, na anachojifunza kinatokana na vile vitu na watu alio nao lupangoni.

Ndiyo maana swali la mchezo ni zito kwa mzazi wa Kipushi kuliko kwa mzazi anayeweza kulipa. Kama lupango ndilo darasa, mikebe na udongo ndivyo vitabu.

Mikono inavyofundisha kichwa

Mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu hivi anaweza kuweka kitu kimoja juu ya kingine. Akifikisha mwaka na nusu, mnara wake unakuwa na vipande vitatu au vinne. Katika miaka miwili anafikia sita hivi, na katika miaka mitatu tisa au zaidi, na anaweza kuiga daraja la vipande vitatu akionyeshwa. Madaktari wa watoto hutumia hatua hizo kupima kama mikono, macho na akili vinakwenda pamoja. Watoto hawafanani, na kuchelewa kidogo si ugonjwa. Lakini mtoto anayebaki nyuma sana kwa hatua nyingi anastahili kuonwa na muuguzi au daktari.

Mnara unadai kazi nyingi kwa wakati mmoja. Vidole lazima vikamate bila kubana sana. Jicho lazima lipime katikati ya kipande cha chini. Kichwa lazima kikumbuke kwamba mara iliyopita mkebe mkubwa uliowekwa juu ya mdogo uliangusha vyote. Hakuna mtu aliyemfundisha mtoto neno “uzito”, lakini tayari ameujua.

Baadaye hesabu inaingia. Mtoto anayejenga ukuta na kukuta pengo mwishoni hutafuta kipande kifupi. Asipokipata, anaweka viwili vidogo, na anagundua kwamba nusu mbili zinajaza nafasi ya kimoja kizima. Siku mwalimu atakapoandika sehemu za namba ubaoni, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa, mtoto huyo atakuwa anasikia jina la kitu ambacho mikono yake inakifahamu.

Fundi masoni anajua jambo lingine ambalo watoto hugundua wenyewe. Matofali yakipangwa moja juu ya lingine wima, maungio yote yakiwa mstari mmoja, ukuta hupasuka kwa urahisi. Tofali la juu likikalia maungio ya mawili ya chini, ukuta unashika. Mtoto anayebomokewa mara tano na kubadilisha mpangilio mara ya sita amefanya jaribio kamili: amekisia, amejaribu, ameona matokeo, amerekebisha.

Na kuna lugha. Anayejenga na wenzake hawezi kukaa kimya. Anahitaji “juu”, “chini”, “katikati”, “kando”, “refu”, “fupi”, “bado”, “ngoja”. Anahitaji pia kuomba, kukataa, kugawana na kukubaliana nani ataweka kipande cha mwisho.

Mtu wa mawe aliyeanzisha matofali ya mbao

Wazo la kumpa mtoto vipande vya mbao kwa ajili ya kumfundisha lina historia ambayo mji wa madini unaweza kuielewa vizuri. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeishi kati ya mwaka 1782 na 1852, alifanya kazi katika makumbusho ya madini ya Berlin kabla ya kujulikana kama mwalimu. Kazi yake ilikuwa kupanga na kuchunguza fuwele za mawe. Aliona jinsi maumbo machache rahisi yanavyoungana na kutoa maumbo mengi, akaamini kwamba akili ya mtoto nayo inakua kwa namna hiyo.

Mwaka 1837, katika mji mdogo wa Bad Blankenburg, alianzisha mahali pa watoto wadogo palipokuja kuwa mfano wa shule za chekechea duniani. Alitengeneza vifaa alivyoviita “zawadi”. Miongoni mwake kulikuwa na mchemraba wa mbao uliogawanywa kuwa michemraba minane midogo. Mtoto aliweza kuuvunja na kuurudisha kuwa mmoja.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu Caroline Pratt wa New York alitengeneza vipande vikubwa zaidi, vya mbao tupu bila rangi. Alivikata kwa vipimo vinavyolingana: kipande kirefu ni sawa na viwili vya kawaida, cha kawaida ni sawa na viwili vya nusu. Matofali ya plastiki yanayoshikana ya kampuni ya Lego ya Denmark yalipata hati ya ubunifu mwaka 1958. Kwa maana hiyo, plastiki ilikuja mwisho. Kabla yake kulikuwa na mbao, na kabla ya mbao kulikuwa na udongo.

Utafiti unaonyesha nini

Wachunguzi wa Marekani waliwaangalia watoto 37 wa chekechea kuanzia mwaka 1982, wakapima jinsi kila mmoja alivyojenga kwa vipande vya mbao. Kisha wakafuatilia masomo yao kwa miaka mingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Katika madarasa ya msingi hawakuona uhusiano wowote wa maana na hesabu. Walipofika sekondari, uhusiano ulionekana: waliojenga kwa ustadi zaidi wakiwa wadogo walikuwa na alama bora zaidi za hesabu. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, na uhusiano peke yake hauthibitishi kwamba mchezo ndio uliosababisha. Lakini uliwashawishi wengine kuchunguza zaidi.

Mwaka 2014, uchunguzi mwingine wa Marekani, safari hii kwa watoto wa miaka mitatu wapatao mia moja, ulionyesha kwamba wale waliojua kuiga jengo dogo kwa usahihi walikuwa pia mbele katika hesabu za awali. Mwaka mmoja kabla yake, wachunguzi walikusanya tafiti 217 kuhusu uwezo wa kuona na kugeuza maumbo kichwani, uwezo ambao mhandisi, fundi umeme na daktari wa upasuaji wanauhitaji kila siku. Walihitimisha kwamba uwezo huo unaongezeka kwa mazoezi. Hakuna aliyezaliwa akinyimwa moja kwa moja.

Upande wa lugha, jaribio la mwaka 2007 huko Seattle liliwapa nusu ya familia vipande vya kujengea pamoja na mashauri ya jinsi ya kucheza na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu. Baada ya miezi sita, watoto wa familia za kipato cha chini na cha kati waliopata vipande walikuwa na alama za juu zaidi za lugha. Fedha za jaribio hilo zilitoka kwa kampuni inayotengeneza matofali ya kuchezea, jambo ambalo msomaji anapaswa kulijua. Hata hivyo, maelezo yanaeleweka: vipande vilimleta mzazi chini, karibu na mtoto, na maneno yakafuata.

Waya wa Zambia na kalamu ya Uingereza

Tafiti hizo zote zinatoka mbali. Iliyo karibu zaidi na Kipushi ilifanyika ng'ambo ya mpaka tu, nchini Zambia, na inagusa mchezo ambao kila mtoto wa Katanga anaujua.

Mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alilinganisha watoto wa Zambia na watoto wa Uingereza katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979. Aliwapa maumbo ya kuiga. Walipoambiwa waige kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Walipopewa waya, watoto wa Zambia wakawa mbele. Walipopewa udongo wa kufinyanga, ambao watoto wa pande zote mbili wameuzoea, hakukuwa na tofauti.

Kama jaribio lingeishia kwenye kalamu, mtu angesema watoto wa Zambia hawana uwezo wa kuona maumbo. Waya uliondoa kosa hilo. Mtoto aliyetengeneza motokari tangu akiwa na miaka mitano, akapima magurudumu yalingane na akakunja usukani ushike, alikuwa na uwezo uleule. Aliujenga kwa kitu alichokuwa nacho mkononi.

Kwa mzazi na mwalimu wa Kipushi, hapo kuna mambo mawili. Kwanza, mtoto anayefika mwaka wa kwanza akiwa hajawahi kushika kalamu si mjinga, na aulizwe alijenga nini nyumbani kabla ya kuhukumiwa. Pili, kwa kuwa shule inapima kwa kalamu, mtoto wa waya na udongo anahitaji pia kijiti cha kuchorea mchangani au kipande cha makala cha kuchorea kwenye katoni, ili uwezo wake uvuke kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Funzo la Kingston

Swali linalobaki ni kama vitu vya kuokota vinaweza kubadilisha maisha ya mtoto maskini. Jibu zito zaidi linatoka Jamaica.

Katika miaka ya 1986 na 1987, mjini Kingston, wachunguzi wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 wa umri wa miezi 9 hadi 24. Wote walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni. Kwa miaka miwili, wahudumu wa afya wa mtaani walitembelea baadhi ya familia kila wiki kwa muda wa saa moja. Walikuja na vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, wakamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mtoto, wakaacha vifaa nyumbani mpaka wiki inayofuata.

Miaka 20 baadaye, watoto wale walitafutwa tena. Waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2014. Nyongeza ya chakula peke yake haikuleta tofauti kama hiyo ya muda mrefu katika kipato.

Nchini Kongo, zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hakuna mnara wa mikebe unaoweza kuchukua nafasi ya bukari, samaki na mboga. Lakini Jamaica inaonyesha kwamba mtoto anayepambana na lishe duni ndiye anayehitaji zaidi mchezo na maneno, na kwamba vifaa vyake vinaweza kutoka kwenye takataka safi za nyumba.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanatoa shauri la namna hiyohiyo katika mafunzo yao ya malezi ya watoto wadogo: kuanzia mwaka mmoja, mpe mtoto vitu vya kupanga juu kwa juu, na vya kutia ndani ya chombo na kutoa. Bakuli na vikombe vya plastiki vinatosha.

Udongo upi?

Hapa ndipo Kipushi inapotofautiana na miji mingine. Pembezoni mwa Lubumbashi na Kipushi, matofali ya nyumba hufinyangwa kwa udongo wa vichuguu vya mchwa, kisha hupangwa kuwa tanuru na kuchomwa kwa kuni. Watoto huiga kazi hiyo wanayoiona. Udongo wa kichuguu unashika vizuri, haupasuki haraka, na kwa mchezo ni mzuri.

Lakini mtoto hachagui udongo kwa usafi. Anachukua ulio karibu. Katika eneo la migodi, ulio karibu unaweza kuwa mchanga uliobaki baada ya kuosha madini, vumbi la barabara ya malori, au tope la mfereji unaotoka kiwandani. Mwaka 2009, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa chuo cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga ya wakati huo. Zaidi ya nusu ya waliokuwa wakiishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na kobalti kupita kiwango kinachotumika kwa wafanyakazi wa viwandani. Kwa watoto, hali ilikuwa mbaya zaidi.

Sababu moja inaeleweka. Mtoto anakaa chini, anashika udongo, kisha anaweka vidole mdomoni. Madini ya risasi, ambayo mara nyingi hukaa pamoja na zinki ardhini, huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mchezo ule uliokuja kujenga akili unaweza kuipunguza.

Kwa hiyo, katazo la mama la “mutoke mu bulongo” lina ukweli ndani yake, ila linahitaji kurekebishwa. Mtoto asitolewe kwenye mchezo. Atolewe kwenye udongo mbaya. Udongo wa kufinyanga uchukuliwe mbali na mgodi, na mbali na mabaki ya madini, barabara ya malori na mifereji. Uwekwe kwenye beseni. Baada ya mchezo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za anayetoka kuchimba zisikung'utwe mahali watoto wanapochezea. Mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni apewe mbao na vikombe. Udongo umsubiri akue.

Kisha kuna hatari nyingine, iliyo wazi zaidi. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Mtoto anayebeba au kuosha mawe anashika mawe siku nzima, lakini hajengi nayo kitu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Kifungu hicho kiliandikwa pia kwa ajili ya yule mtoto wa kwenye mto wa kuoshea madini.

Vifaa vya bei ya seremala

Anayetaka kumpa mtoto vipande vya kujengea anaweza kuanzia kwa seremala wa mtaa. Mabaki ya mbao anayoyatupa au kuyachoma yanafaa. Mwambie akate vipande vya urefu wa sentimita 14, upana 7 na unene 3 na nusu, vipimo vilevile vya vipande vya Caroline Pratt. Vingine vikatwe nusu, yaani sentimita 7 kwa 7, na vichache viwe virefu mara mbili. Vilingane, kwa sababu siri ya hesabu iko kwenye kulingana. Vipande 30 vinatosha kwa mwanzo.

Pembe zisuguliwe kwa msasa mpaka vijiti vidogo visichome vidole. Misumari itolewe yote. Rangi haihitajiki, na rangi ya zamani au isiyojulikana ni bora iepukwe, kwani inaweza kuwa na risasi. Mbao zilizotolewa kwenye sanduku la kemikali au la betri zisitumiwe.

Asiye na seremala karibu ana njia nyingine. Katoni ndogo na pakiti za majani ya chai zikijazwa karatasi na kufungwa kwa gundi ya uji mzito wa mihogo huwa matofali mepesi na makubwa. Magunzi ya mahindi yaliyokauka ni nguzo nzuri. Mikebe ifae tu kama ukingo wake umepondwa kwa nyundo na haukati. Vizibo vya chupa na mawe madogo ni vya watoto waliopita miaka mitatu. Kwa mdogo zaidi vinaweza kuziba koo. Betri za redio na tochi si kitu cha kuchezea kwa umri wowote.

Mtu mzima akae wapi

Kosa la mzazi mwenye nia njema ni kushika kazi mwenyewe. Mnara ukiwa mrefu na mzuri lakini umejengwa na papa, mtoto amejifunza kutazama. Afadhali mzazi akae kando, aonyeshe mara moja, kisha aache. Mnara ukianguka, asikimbilie kuusimamisha. Aulize: “Kwa nini umeanguka? Sasa tuanze na upi?” Kisha angoje jibu, hata kama linachelewa.

Dakika kumi na tano kwa siku zinawezekana hata kwa mama anayeuza sokoni. Akichambua mboga, mtoto anaweza kupanga vikombe kando yake na kuhesabu naye. Bibi aliyekaa barazani anaweza kutaja majina: huu mrefu, huu mfupi, weka huu chini ya ule. Kiswahili cha nyumbani kinatosha. Mtoto aliyeelewa “nusu” kwa lugha ya mama yake hatapata taabu kubwa kulijifunza neno hilo kwa Kifaransa.

Wasichana wanahitaji kuangaliwa zaidi. Katika nyumba nyingi, mvulana anaachwa na waya wake wakati dada yake wa umri uleule anatumwa maji au anapewa mdogo wake ambebe. Wanapofika darasani, watu wanasema wavulana ndio wenye kichwa cha maumbo na mashine. Kumbe mmoja alipata miaka ya mazoezi, na mwingine alinyimwa saa za kucheza. Kumpa msichana nafasi kwenye ujenzi wa jioni hakugharimu franka hata moja.

Walimu wa maternelle na wa mwaka wa kwanza nao wana nafasi yao. Darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache linaweza kuwa na gunia moja la vipande vya mbao kwenye kona, vikundi vikipokezana. Seremala ambaye mtoto wake anasoma hapo hatakataa kuleta mabaki.

Kutoka katoni hadi makumbusho

Atakayesema kwamba kuokota na kuunganisha ni utoto usio na mwisho, Lubumbashi yenyewe ina jibu. Jean Katambayi Mukendi, msanii aliyezaliwa mjini humo mwaka 1974 na kusomea umeme, anajulikana hadi nje ya Afrika kwa mashine na maumbo anayojenga kwa katoni, waya na vipande vya vifaa vya umeme. Kinshasa ilikuwa na Bodys Isek Kingelez, aliyefariki mwaka 2015, aliyejenga miji mizima ya kuwaza kwa karatasi ngumu na vitu vya kuokota. Mwaka 2018 miji hiyo ilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA.

Si kila mtoto wa Kipushi atakuwa msanii, wala si lazima. Mji utahitaji mafundi masoni ambao kuta zao hazipasuki, mafundi umeme wanaosoma mchoro, wauguzi wanaopima dawa bila kukosea, na wahandisi wa kuingia katika mgodi ule kwa kazi ya kichwa. Wengi wao sasa hivi hawajafika hata mwaka wa kwanza. Wako nyuma ya nyumba, wamechuchumaa, wanajaribu kwa mara ya sita kuweka mkebe mkubwa chini na mdogo juu.

Anayepita na ndoo ya maji anaweza kusimama kidogo, aangalie ni udongo gani wanaochezea, kisha aulize wanajenga nini.